Maswali ya Wasomaji: Kuzunguka Ziwa Naivasha kwa Baiskeli

Nina baiskeli ya mbio, tairi zake ni za milimita 25. Kwenye ramani naona barabara inazunguka Ziwa Naivasha lote. Nitaweza kuimaliza kwa siku moja? – J., Nairobi

Siku moja yatosha, kwa sababu mzunguko wote ni kama kilomita 70 na hauna mlima wa kutisha. Tatizo liko kwenye hizo tairi. Ramani inachora mstari mmoja, lakini chini ya mstari huo kuna barabara mbili zisizofanana. Moi South Lake Road, inayopita Karagita, njia panda ya Hell's Gate na Kamere kuelekea Kongoni, ni ya lami. Ukizunguka upande wa magharibi na kurudi kwa Moi North Lake Road, utakutana na vumbi, mawe, na sehemu zilizojikunja kama mabati ya paa.

Kwenye mabati hayo tairi ya 25 haina dawa. Ukiijaza upepo hadi psi 90 (kipimo cha pampu), kila tuta linapanda hadi kwenye viganja na baiskeli inarukaruka. Ukiipunguza hadi 60, jiwe la kwanza lenye ncha litaibana tyubu kwenye rimu, na utapata matundu mawili yanayokaribiana kama alama ya meno ya nyoka. Kwa mzunguko kamili tunashauri tairi za milimita 35 kwenda juu. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za 40 na tyubu ndani aanze na 42 nyuma na 38 mbele. Asiyetumia tyubu apunguze 4 kila gurudumu.

Kama fremu yako haipokei zaidi ya 28, usijilazimishe. Fanya upande wa kusini tu, nenda na urudi kwa njia ile ile, ugeuze pale lami inapoanza kukuchosha. Hupungukiwi kitu: migunga ya manjano na maji yanayong'aa kati ya mashamba ya maua utaviona huko huko.

Nianze upande gani, na saa ngapi? – Msomaji, Nakuru

Anzia mjini Naivasha uelekee kaskazini kwanza, ziwa likae mkono wako wa kushoto. Wengi hufanya kinyume kwa sababu lami inavutia asubuhi, kisha wanaingia kwenye vumbi saa sita mchana wakiwa na chupa tupu na miguu iliyokwisha. Kaskazini maduka ni ya kuhesabu, na kusini kila baada ya mwendo mfupi kuna kijiji chenye soda baridi na chapati. Kwa hiyo maliza sehemu isiyo na maduka ukiwa na chupa mbili za lita moja kasorobo zilizojaa, halafu urudi nyumbani kwa upande wenye kila kitu. Zaidi ya hapo, kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, ukizunguka hivi upande wako wa barabara ndio ulio karibu na ziwa, na huna haja ya kukata lami kila unapotaka kushuka ufukoni.

Usitoke kabla ya jua. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hana subira. Saa moja kasorobo ni wakati mzuri. Usichelewe pia, maana asubuhi ziwa huwa kimya na mchana upepo huamka. Ukifika Kongoni kabla ya saa tano uko vizuri.

Siku bora ni Jumapili. Siku za kazi mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua hujaza barabara ya kusini zamu zinapobadilishana, na mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari, waridi zinapokimbizwa sokoni kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, malori huongezeka. Epuka pia Aprili. Upande wa kaskazini unavuka mito Malewa na Gilgil, ambayo ndiyo hulisha ziwa, na baada ya mvua kubwa udongo wa huko hunata hadi gurudumu linakwama kwenye fremu. Matope ya namna hiyo usiyapigie pedali, kwani mkono wa gia ya nyuma unaweza kuvunjika. Shuka, toa matope kwa kijiti, beba baiskeli begani hadi pakavu.

Na njia ndogo za kando ya maji usiziamini kwa sababu tu zimo kwenye ramani ya simu. Tangu 2020 ziwa limepanda sana, hata mtaa wa Kihoto umeingiliwa na maji, na vijia vingi vya zamani sasa ni makazi ya kambare.

Nilipata pancha tatu katika kilomita kumi. Fundi wa kijijini hakuwa na tyubu ya kunifaa. Nifanye nini safari ijayo? – Mama K., Thika

Mama K., tunadhani pancha ya pili na ya tatu zilitokana na mwiba ule ule wa kwanza. Miba ya migunga hupenya tairi, ncha inakatikia ndani ya mpira, na kwa nje huoni kitu. Ukiweka tyubu mpya bila kuutafuta, unaipeleka machinjioni. Fuata utaratibu huu: kabla ya kuvua tairi, weka alama ya chaki au mate pale valvu ilipo. Toa tyubu, ijaze, tafuta tundu, kisha ilaze juu ya tairi ukilinganisha na valvu. Sasa unajua sehemu ya kupekua kwa upana wa kiganja, si mzunguko mzima. Pitisha kitambaa ndani polepole. Kikinasa, mwiba uko hapo. Usitumie kidole, utajuta. Usukume utoke nje kwa ncha ya funguo au uung'oe kwa koleo ndogo.

Kuhusu fundi, usimlaumu. Yeye anahudumia Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, na valvu yake ni nene: inataka tundu la karibu milimita 8.5, na rimu yako ya valvu nyembamba ina tundu la 6.5. Haingii, na ukikubali rimu itobolewe unaidhoofisha bure. Beba tyubu mbili za saizi yako, viraka sita, gundi ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka ndani ya miezi), na ile adapta ndogo ya shaba inayogeuza valvu nyembamba iwe kama ya gari. Ukiwa na adapta, pampu ya kila mwenye bodaboda ni yako.

Wanaotumia maji ya kuziba matundu ndani ya tairi isiyo na tyubu: tairi ya 40 inataka mililita 60. Kwa joto letu hukauka mapema, kwa hiyo fungua ukague kila baada ya miezi miwili. Ukitikisa gurudumu usisikie kitu kikicheza ndani, umebeba uzito tu.

Ninaendesha Mombasa hadi Kilifi na kurudi bila shida. Je, Naivasha kutanishinda? – Ndugu A., Mombasa

Hakutakushinda, ila hutakuwa na nguvu ile ile. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Tarajia nguvu ya juu ipungue kwa kama sehemu moja ya kumi, hasa siku mbili za kwanza. Anza kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima, na usimfuate mwenyeji wa Nyahururu, aliyezoea mwinuko.

Kinachowadanganya watu wa pwani ni jasho. Kwenu linatiririka, huku hewa ni kavu, linakauka kabla hujaliona, na unadhani hujapoteza maji. Kunywa kwa saa, si kwa kiu: nusu lita hadi robo tatu kila saa, na chumvi kidogo. Jua la huku ni kali kuliko ubaridi wake unavyoonyesha, na asubuhi utahitaji mikono mirefu.

Jambo dogo wachache hulifikiria: ukijaza tairi Mombasa na kuzileta huku, kipimo kitasoma karibu 3 zaidi, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Pima upya ukifika. Na cheni iliyokaa kwenye hewa ya chumvi ioshe na kuikausha kabla ya safari, kisha uipake mafuta mepesi ya kiangazi. Mafuta mazito yakichanganyika na vumbi la volkano la huku yanakuwa msasa.

Inawezekana kuongeza Hell's Gate siku hiyo hiyo? – Wanafunzi wawili, Eldoret

Inawezekana, lakini hatuoni faida. Ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na inastahili asubuhi yake. Ingieni kwa lango la Elsa, malipo mfanye mapema kwa eCitizen. Nyati wapeni nafasi kubwa. Mkimwona amesimama barabarani, simameni mbali na msubiri, msipige kengele. Bonde la Ol Njorowa, lile korongo jembamba la humo mbugani, ulizeni langoni kama liko wazi siku hiyo. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka bondeni ghafla hata kama juu yenu mbingu ni samawati, na watu wamekufa humo kwa njia hiyo.

Nikitoka Nairobi nishuke kwa Mai Mahiu au kwa barabara ya juu, ile ya Kinungi? – P., Kikuyu

Ya Mai Mahiu ina mandhari na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, lakini pia ina matrela, ukingo mwembamba na kona zisizoona mbele. Ukishuka, usiburute breki mfululizo. Kwenye breki za rimu, joto linaweza kupasua tyubu. Kwenye za diski, pedi hung'aa na kupoteza mshiko. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia, funga tena, ukitumia zote mbili. Trela likiwa nyuma yako, toka barabarani lipite. Kama hujawahi kushuka mteremko huo, pakia baiskeli kwenye matatu hadi Naivasha mjini, gurudumu la mbele likiwa limetolewa, na gia ya nyuma ikiangalia juu.