Kwa mdogo wangu anayekwenda Bengaluru kusoma mipango miji

Nilifika Bengaluru, kusini mwa India, nikidhani kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta tu: napakua picha za setilaiti, nalinganisha za zamani na za sasa, naona mji ulivyotanuka. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu 2008. Ugumu uko wapi?

Nikachemsha tangu picha ya kwanza. Nilichagua ya Machi kwa sababu haina mawingu. Machi ulezi ulishavunwa zamani, shamba limebaki udongo mwekundu mtupu, na programu ikausoma udongo ule kama mapaa na saruji. Nikawageuza wakulima wa upande wa Hoskote kuwa watu wa mjini bila wao kujua. Ziwa lililofunikwa na magugu maji nalo likatoka kijani, nikaliandika malisho. Tumia picha za misimu miwili, mvua zikiisha na wakati wa kiangazi. Kinachobaki vilevile kote kuwili ndicho cha kukishuku kuwa jengo.

Hilo lakini ni kosa dogo. Setilaiti huona kilicho juu ya ardhi, haioni ardhi hiyo inangoja nini. Siku moja nilipanda basi hadi Devanahalli, kaskazini, karibu na uwanja wa ndege uliofunguliwa 2008. Ramani yangu ilisema "ardhi wazi". Nilikuta mawe ya mipaka yamepangwa mistari, barabara za vumbi zimeshachongwa, na bango la dalali: viwanja vya futi 30 kwa 40. Nyumba hakuna hata moja. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi katikati ya mawe yale alituambia (rafiki yangu akitafsiri kutoka Kikannada) kwamba pale palikuwa na mizabibu, na shamba liliuzwa miaka mingi nyuma. Kilimo kilishakufa, ujenzi haujaanza, na ramani yangu haikuwa na rangi ya hali hiyo. Miaka hiyo ya katikati ndiyo ya kuuliziwa: kisima kilikauka lini, jirani aliuza lini, gunta moja ilikuwa bei gani. Gunta ni sehemu moja kati ya 40 za ekari. Kizoee kipimo hicho mapema, maana ukimtajia mkulima mita za mraba atakutazama tu.

Uliza pia habari za makaratasi. Ardhi ya kilimo huko inahitaji kibali ili ibadilishwe matumizi, na viwanja vingi vilikatwa bila kibali hicho. Enzi zangu nyumba za namna hiyo ziliandikwa kwenye daftari la pembeni, B khata, na zenye makaratasi kamili zikawa na A khata. Mwenye B alilipa kodi kama wenzake, ila akienda benki kuomba mkopo anazungushwa. Mtaa wenye B nyingi ujue dalali alitangulia, mpango ukafuata. Kama umekulia Kimara, Dar es Salaam, sina haja ya kukueleza zaidi.

Ukilinganisha idadi ya watu ya sensa za 2001 na 2011, angalia kwanza mpaka. Mwaka 2007 jiji lilimeza miji midogo kadhaa na vijiji zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya "ongezeko" lako ni watu ambao hawakuhama hata hatua moja.

Halafu tafuta ramani za kale za maji. Stendi kuu ya mabasi, Majestic, imekaa palipokuwa ziwa la Dharmambudhi; uwanja wa michezo wa Kanteerava ulikuwa ziwa la Sampangi. Maziwa hayo yalitengenezwa na watu, moja likifurikia jingine kupitia mifereji inayoitwa rajakaluve. Septemba 2022 mvua ilipozidi na barabara zikafurika, wafanyakazi wa kampuni za kompyuta walipandishwa kwenye matrekta ili wafike kazini. Weka ramani ya mifereji juu ya picha ya sasa uone ofisi na nyumba zilivyoibana.

Nenda asubuhi, beba maji, na daftari liweke kwenye begi mpaka mmalize kusalimiana. Mgeni mwenye daftari shambani huonekana mnunuzi. Mimi niliulizwa mara tatu natoa ngapi kwa gunta, na mara ya tatu mwenye shamba alikuwa ameshaagiza chai.