Sikiliza Uzi wa Pili Kwanza

Nilipousikia kwa mara ya kwanza wimbo wa "Creep" wa bendi ya Radiohead ya Uingereza, nilidhani spika yangu imechanika. Masikio yangu yalizoea gitaa la muziki wa dansi, ambalo solo yake hutiririka kwa utamu kama mwimbaji wa pili, na hapa, kabla tu ya kiitikio, ilisikika mikwaruzo mithili ya kabati la chuma linaloburutwa sakafuni. Nikauzima. Baadaye nilijua kwamba spika haikuwa na kosa: kwa maelezo ya Ed O'Brien, mmoja wa wapiga gitaa wa bendi hiyo, mwenzake Jonny Greenwood hakuupenda upole wa wimbo, akazikwangua nyuzi makusudi ili auharibu, na uharibifu huo ukabaki hadi wimbo ulipotoka mwaka 1992.

Kwa hiyo, anayetaka kuionja huzuni ya wimbo huu namshauri asianze na maneno. Maneno anayoimba Thom Yorke, ya mtu anayejiona hastahili kumkaribia ampendaye, hueleweka upesi mno, na ukishayaelewa utadhani umemaliza kazi. Anza na gitaa. Wimbo mzima unazunguka juu ya kodi nne tu, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja: G, B, C na C maina, ile C yenye sauti ya huzuni. Mwenye gitaa aushike uzi wa pili, akihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, apige freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya 3, ya 4, ya 5, kisha arudi ya 4, taratibu, kila kodi inapobadilika. Sauti hupanda ngazi mbili fupi, kama mtu anayejikaza aseme jambo, halafu kodi ya nne ikiingia humrudisha nyuma. Kodi ya tatu na ya nne zinatofautiana kwa noti hiyo moja, na kwangu mimi huzuni yote imo humo. Nilikaa jioni tatu kwenye uzi huo, hadi jirani akabisha hodi kuuliza kama tumefiwa.

Asiye na gitaa avae spika za masikioni usiku, wala asiongeze sauti kwenye beti kwa sababu tu ni tulivu, maana ngurumo ya kiitikio hupata nguvu kutokana na utulivu huo. Pia asikatize mapema. Karibu na mwisho, kelele zikishatua, piano husikika kwa mbali. Mimi niliigundua baada ya kuusikiliza wimbo huu kwa miaka kadhaa.