Dada, hizo katuni mumeo ameziona?

Usiposti. Umesema una kurasa kumi na mbili za katuni za maisha yako na mumeo, umeuliza kalamu ipi haivujishi wino, kama urudie ile mikono iliyopinda, na kama uanzie status au Facebook siku ndoa yenu ikitimiza miaka mitano. Katikati ukapitisha kaneno kadogo: "mume hajui, ni sapraizi." Waliokujibu hapo juu wote wamekimbilia kalamu. Mimi nimekwama kwenye hilo kaneno.

Mikono iache ilivyo. Nachora kwa biki kwenye kaunta buku, kichwa cha mke wangu kina ukubwa tofauti kila picha, na majirani hapa Uyole, Mbeya, walikuwa wakiniuliza, "Ya leo iko wapi?" Mchoro mbovu haujawahi kunigharimu hata shilingi. Kilichonigharimu ni mchoro uliotoka vizuri.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mke wangu Mhehe wa Kihesa, Iringa. Kwa desturi yetu mkamwana na baba mkwe hawaonani ana kwa ana. Hataji jina lake, akimwona njiani anapisha, chakula kinapelekwa na mtoto. Mjini wengi wameiacha. Mke wangu hakuzaliwa nayo, aliikuta kwetu, na miaka sita ameishika kuliko hata wake za kaka zangu waliozaliwa huko huko. Baba akija kwa ajili ya kliniki ya macho, mke wangu anazungukia mlango wa nyuma, mvua inyeshe isinyeshe, ili tu wasipishane sebuleni.

Usiku mmoja baba amelala sebuleni, sisi tuko chumbani, akaninong'oneza: "Baba yako akimaliza wiki nyingine, huu mchele wa Kyela utatuaga." Tulicheka mpaka tukaziba midomo kwa blanketi. Hakuwa na ubaya wowote, asubuhi ndiye aliyemwongezea mzee wali.

Nikachora picha nne. Ya mwisho amekaa kitandani, khanga kifuani, kichwa wazi, na maneno yake yote yako kwenye kiputo. Kwa mara ya kwanza nikaipatia pua yake. Nikarusha status kabla ya chai.

Status hufutika baada ya saa 24. Mdogo wangu hakuhitaji hata dakika moja: skrinishoti, kundi la ukoo, na vicheko vitatu chini yake. Baba yumo kwenye lile kundi. Saa nne alimtuma mtoto amletee begi lake. Hakusema neno. Akapanda Kosta ya Tukuyu, na kliniki ilikuwa kesho yake.

Mke wangu alikuwa Mwanjelwa kwenye meza yake ya viazi. Habari aliipata kwa wifi yake. Aliporudi akakuta chapati ya mzee iko nusu, imefunikwa kwa sahani, chai imeganda utando juu. Akaisogeza kidogo, akaniuliza, "Uliniuliza?" Basi, neno hilo moja. Kesho yake alikuwa kwenye basi la Iringa. Wiki saba. Kihesa nilienda mara mbili na wazee, na mara ya kwanza tulipewa maji ya kunywa tukaagwa.

Na asije mtu hapa kuniuliza kama sikujua mila za kwetu. Nilizijua. Lakini nilikuwa nimelipa elfu thelathini kwa mwalimu wa kuchora wa mtandaoni, akatukaririsha kila Jumamosi kwamba ukiomba ruhusa umeshaua kazi, eti wachora katuni wa magazeti, Masoud Kipanya na Gado, wanamwomba nani? Jamani! Kipanya na Gado wanachora wenye madaraka. Rais halali nao kitanda kimoja, wala hajawanong'oneza kitu usiku akiamini kitaishia kwenye mto. Baadaye nikaja kujua yule mwalimu hajawahi kuoa. Mtu anajipikia chai kikombe kimoja, anafundisha watu kuchora ndoa! Elfu thelathini yangu hiyo ningenunua viazi.

Kwa hiyo shika hili moja: mwenzako auone mchoro wenyewe, umekamilika, na maneno yake ndani, kabla hujainua simu kuupiga picha. Ile ya "siku moja nitakuchora" haihesabiki, kila mtu huikubali. Pua mbaya mtu atakusamehe, maneno yake ya chumbani hasamehi. Akinyamaza, ujue amekataa. Akiuliza nani ataona, mtajie watu: mama yako, wa kazini, kwaya.

Sasa hivi kaunta buku langu linakaa jikoni, karibu na kopo la chumvi. Akipita anafungua, anaweka vema pembeni ya ukurasa au anaukata kwa mstari mmoja. Wiki iliyopita kaukata niliokuwa naupenda kuliko yote, uko chini ya godoro na utabaki huko. Baba alirudi kliniki mwezi wa saba, mtoto akampelekea sahani kama zamani, na mke wangu bado anazungukia nyuma.

Sapraizi yako ifanye hivi: leo usiku watoto wakilala, mpe mumeo zote kumi na mbili azifungue mwenyewe. Kaa pembeni, usimweleze kitu, mwangalie uso tu. Halafu rudi hapa utuambie amekata ngapi.