Kusoma hati za kesi za uchawi za Salem: mtafute kwanza aliyeshika kalamu

Ndugu aliyeuliza kama hati za kesi za uchawi za Kijiji cha Salem, Massachusetts (wakati ule koloni la Waingereza huko Amerika), za mwaka 1692 zinaweza kuchukuliwa kuwa ni maneno halisi ya washitakiwa, jibu langu ni hapana, ingawa si kwa sababu zimeghushiwa. Nimezisoma kwa miezi kadhaa katika picha za karatasi zenyewe zilizowekwa mtandaoni, na tangu hapo siyaamini maneno ya hati yoyote kabla ya kujua nani aliyeyaandika.

Chukua mahojiano ya Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, yaliyofanyika tarehe 24 Machi mbele ya mahakimu John Hathorne na Jonathan Corwin. Aliyeandika siku hiyo ni Samuel Parris, mchungaji wa kijiji, ambaye binti yake na jamaa yao mwingine wa kike aliyeishi nyumbani mwake ndio waliokuwa wa kwanza kushikwa na ugonjwa uliosemekana kuwa ni wa kurogwa. Yaani majibu ya mshitakiwa yalipita kwenye kalamu ya mzazi wa mlalamikaji! Mwishoni Parris mwenyewe anakiri kwamba, kwa sababu ya kelele za waliodai kurogwa na wingi wa wasemaji, mambo mengi yameachwa. Kila nikifika hapo husimama kidogo, kwani bibi huyo alikuwa na uziwi, na baadaye alieleza kwamba alishindwa kujibu swali mahakamani kwa sababu hakusikia vizuri na moyo wake ulikuwa umejaa huzuni. Alinyongwa tarehe 19 Julai.

Vivyo hivyo kwa Tituba, mtumwa wa nyumba ya Parris: maelezo yake ya mwanzoni mwa Machi yaliandikwa na zaidi ya mtu mmoja, na maandishi hayo hayalingani. Yasome yote pamoja, usichague moja.

Kuhusu mwandiko, jicho huzoea baada ya kurasa kumi hivi. Herufi s ndefu hufanana na f, na y mara nyingi husimama mahali pa th. Kilichonisumbua zaidi ni tarehe. Kwa hesabu ya Waingereza wa wakati ule mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, hivyo hati za Februari na nyingi za Machi zinaweza kubeba mwaka 1691, au 1691/92. Mimi nilipoteza wiki nzima nikipanga ushahidi kana kwamba kuna kesi zilizotangulia kwa mwaka mmoja.

Ukitaka kuona kwa nini nasisitiza picha, tafuta hati iliyoamuru Bridget Bishop anyongwe, yule aliyekuwa wa kwanza kuuawa, tarehe 10 Juni. Chini yake sherifu (afisa wa kutekeleza amri za mahakama) George Corwin ameandika kwamba ametekeleza amri: amemnyonga hadi akafa, na akazikwa mahali pale. Kisha maneno hayo ya kuzikwa yamekatwa kwa mstari wa wino. Nakala iliyopigwa chapa bila kuonyesha makato itakuonyesha sherifu aliyemaliza kazi yake kwa utaratibu, ilhali karatasi inamwonyesha mtu aliyeandika jambo kuhusu maiti ya mwanamke huyo, kisha akalifuta.