Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Nyepesi kwa Mtu wa Safari

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu ya ukaguzi wa hesabu hunisafirisha karibu kila wiki, mara kwa basi kutoka Mwanza hadi Kigali, mara kwa ndege hadi Nairobi. Kompyuta mpakato yangu ina kilo 2.4 na bega limeanza kuniuma. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue iliyotumika yenye kilo 1.1, lakini fundi wangu anasema kompyuta nyepesi ni pambo tu, hazihimili kazi. Nimsikilize nani? – Msafiri, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa maumivu ya bega. Asemalo fundi wako lilikuwa na ukweli zamani. Apple ilipotoa MacBook Air ya kwanza mwaka 2008, yenye kilo 1.36, mnunuzi aliulipia wepesi huo kwa kukubali tundu moja tu la USB na diski ndogo ya GB 80 iliyofanya kazi polepole. Hali imebadilika sana: MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 haina hata feni, na majedwali ya mkaguzi wa hesabu hayaisumbui.

Udhaifu mmoja umebaki, nao ni mkubwa. Katika nyingi ya kompyuta hizi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, imechomelewa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo fundi hawezi kukuongezea baadaye. Usikubali GB 8 kwa sababu ya bei. Tafuta yenye GB 16 tangu mwanzo.

Kuhusu uzito, tia kwenye mizani kompyuta pamoja na chaja yake, kwa maana utavibeba vyote. Ningependa upate inayochajiwa kwa USB-C, ili chaja moja itumike kwa kompyuta na simu. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, hivyo ukifika Kigali, ambako soketi ni za matundu ya duara tofauti na zetu za pini tatu bapa, utahitaji adapta ndogo ya plagi tu. Kwenye ndege, betri isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati ambayo betri hubeba) haihitaji kibali cha shirika, na za kompyuta nyembamba kwa kawaida ziko chini ya hapo. Pawabenki ibaki kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kamwe katika mzigo unaokabidhiwa.

Sasa hiyo iliyotumika. Betri ya lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa, hata kama kava linang'aa kama jipya. Betri ya wati-saa 50, kompyuta ikila wati 7 kwa wastani wakati unaandika, itakupa takriban saa 7. Ikiwa imebakiwa na nusu ya uwezo, itazimika basi likiwa bado njiani. Ikiwa inatumia Windows, mwombe muuzaji aandike mbele yako amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Ukikuta umeshuka chini ya robo tatu, mwambie aweke betri mpya kwanza, kisha uiwashe bila chaja na ukae nayo hapo dukani walau saa moja kabla ya kutoa fedha.