Muulize Fundi Umeme: Kabla ya LED, tafuta mwanga uliopotea njiani

*Shikamoo Fundi. Nina Toyota Probox, napakia matenga ya nyanya Ilula kupeleka Dar es Salaam. Nasafiri usiku ili niwahi soko la alfajiri. Taa za mbele hazinionyeshi kitu; nikiingia mbuga ya wanyama ya Mikumi naendesha kwa kubahatisha. Linalonishangaza ni kwamba mabasi na malori yanayokuja mbele yangu yananipigia fulu kana kwamba taa zangu ni kali mno. Kijana wa duka la spea ananishauri nitoe globu za H4 niweke LED za wati 200. Ninunue?*
— Msomaji, Ilula, Iringa

Marahaba. Usinunue kwanza.

Umeandika mambo mawili ukidhani yanapingana: wewe huoni, na wenzako unawaumiza macho. Mimi nayaona ni jambo moja, na chanzo chake ni matenga. Probox ikijaa nyanya hukaa mkia na kuinua pua, na taa zake huinuka pamoja na pua. Tufanye hesabu kidogo. Taa zako ziko kama sentimita 70 kutoka ardhini. Zikipangwa vizuri, mwanga wa dimu, yaani taa ya chini ya kupishana, hushuka sentimita moja kwa kila mita moja ya mbele, kwa hiyo ukingo wake wa juu unagusa lami kwenye mita 70 hivi. Sasa umepakia, nyuma imezama sentimita 5 zaidi ya mbele. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma gari lako lina mita mbili na nusu, kwa hiyo sentimita hizo 5 ni mteremko wa asilimia 2. Mwanga uliokuwa ukishuka kwa asilimia moja sasa unapanda kwa asilimia moja. Ukifika mita 50 mbele uko sentimita 120 juu ya barabara, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Mwanga wako haumulikii lami, unamulikia watu. Ukiongeza LED za wati 200 juu ya hali hiyo, utampofusha mtu anayekuja upande wako na tani 30 mgongoni.

Basi anza na ukuta. Tafuta uwanja tambarare, jaza upepo matairi yote kwa kipimo chake, kaa kwenye kiti au mweke mtu wa uzito wako. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, piga alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae sentimita 5 chini ya alama. Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha, inafikiwa kwa bisibisi ya nyota ndefu. Fanya zoezi hilo gari likiwa tupu, kisha lirudie likiwa na matenga, ujionee mwenyewe jinsi ukingo unavyopanda.

Kama karibu na usukani una kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0, hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Gari tupu, 0. Ukipakia, zungusha kuelekea namba kubwa mpaka ukingo urudi chini ya alama. Madereva wengi huuza gari bila kukigusa hata mara moja. Kama huna, shusha taa kwa skrubu ukishapakia na uhesabu mizunguko, halafu uirudishe ukishashusha mzigo. Usiziache chini moja kwa moja, maana gari likiwa tupu mwanga utaanguka mita 23 tu mbele yako. Na uangalie springi za nyuma. Zikiwa zimechoka, hakuna taa itakayokaa sawa.

Tukishajua mwanga unaelekea wapi, tuulize umepotelea wapi.

Pa kwanza ni kioo cha taa, ambacho siku hizi ni plastiki. Jua hukigeuza cha njano, kisha kikawa na ukungu. Mwanga ukipita hapo nusu hubaki ndani na kiasi husambaa ovyo, hata juu, ukawasumbua wanaokuja. Dawa ya meno hung'arisha kwa wiki chache kisha ukungu hurudi, kwa sababu ile ngozi ya juu iliyowekwa kiwandani kuzuia jua imeshakwisha. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji: anza na namba 800 kama umeharibika sana, panda 1000, 1500, 2000, umalizie 3000, ukimwagia maji muda wote. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoishia njiani, pulizia klia, ile rangi angavu ya kumalizia, yenye kinga ya jua. Bila klia, baada ya masika moja utakuwa pale pale. Na kama ukungu uko upande wa ndani, msasa hautausaidia. Kuna mpira wa nyuma uliokufa na maji yanaingia. Sahani ya ndani inayorusha mwanga mbele ikishapoteza mng'ao wake, badilisha taa nzima.

Pa pili ni waya, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu ndiyo kazi yangu. Globu ya H4 ni ya wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Kiwandani mwanga wake hupimwa kwa volti 13.2: takriban lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu. Volti zikipungua, mwanga haupungui kwa kiasi hicho hicho, unaporomoka. Globu ikipata asilimia 90 ya volti zake, yaani kama 11.9, hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga. Gari la miaka kumi na tano au ishirini lina waya mwembamba uliochoka, swichi iliyoungua kidogo ndani, soketi yenye kutu na boliti ya hasi iliyopakwa rangi. Kila mmoja anakula kidogo chake.

Mwambie fundi achukue mita, injini ikiwaka na taa zikiwaka, apime volti kwenye betri, kisha apime nyuma ya soketi ya globu, soketi ikiwa imechomekwa. Betri ikisoma 14 na globu ikisoma 12, volti 2 zimeliwa njiani. Apime pia kati ya mguu wa hasi wa globu na hasi ya betri. Mara nyingi ugonjwa wote uko huko, na dawa yake ni kusugua boliti ya kwenye bodi mpaka chuma kionekane. Kama upotevu uko upande wa chanya, funga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazoamshwa kwa umeme, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya wa milimita za mraba 2.5 utoke betri, upite kwenye fyuzi ya ampia 20 iliyo karibu na betri, uingie mguu namba 30 wa rilei, utoke 87 kwenda kwenye globu. Waya wa zamani wa taa ubaki na kazi nyepesi ya kuamsha rilei kupitia 85 na 86. Tahadhari moja: kwenye Toyota nyingi za Japani swichi ya taa hukata upande wa hasi, si wa chanya. Fundi asiyejua hilo atafunga rilei kwa mazoea na taa zitachanganyikiwa. Muulize kabla hajakata waya wowote.

Baada ya hapo nunua globu mbili mpya za H4, wati 60/55, za kampuni inayoeleweka, ubadilishe pande zote mbili siku moja. Usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huichoma. Zile zinazoandikwa kwamba zinaongeza mwanga kwa asilimia 100 au zaidi huonyesha mbali kweli kuliko za kawaida, ila huungua mapema. Achana na za rangi ya bluu, kwa maana rangi hiyo huzuia sehemu ya mwanga. Achana pia na za wati 100/90 kwenye waya wa kiwandani. Nimetoa soketi zilizoyeyuka kama mshumaa.

Sasa LED. Sizikatai kwa chuki. Lakini taa yako ilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba unaowaka ndani ya globu, uliokaa mahali pake kamili, na ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende sehemu ya chini ya sahani na kurushwa juu. LED inabidi iige hayo yote ikiwa na chipu zilizobandikwa pande mbili za chuma kinene. Ikikosea milimita moja tu, ukingo unapotea na mwanga unatapakaa. Ujerumani iliruhusu globu za LED za kuchomeka kuanzia 2020, na bado ni kwa globu zilizopimwa na kuidhinishwa kwa kila aina ya gari. Uingereza gari la globu za kawaida likiwekewa LED linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Hizo wati 200 za kwenye boksi si za kweli: kitu cha ukubwa ule kikila wati hizo kingeungua ndani ya dakika chache.

Ukisha kufanya yote na bado unazitaka, mwambie muuzaji akufungie upande mmoja, upande wa pili ubaki globu ya zamani, halafu nendeni ukutani. Chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Ukingo wa LED ukiwa mkali na umenyooka sawa na wa jirani yake, zungumza bei. Ukiwa umevurugika, mrudishie boksi lake. Na chagua rangi ya maziwa kuliko ya bluu. Utashukuru ukungu ukishuka Kitonga.

Hata hivyo, kwa kilometa 50 hivi za ndani ya Mikumi, taa nzuri hazitoshi. Kwa mwendo wa 80 gari hukata mita 22 kila sekunde na huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama, likiwa halina mzigo. Nyati ni mweusi, harudishi mwanga. Punguza mwendo.

*Fundi, salamu kutoka Buyenzi. Nina Vitz iliyotoka Japani, usukani kulia kama magari mengi hapa Bujumbura. Taa zimepangwa na fundi, ukutani ziko sawa, lakini wanaokuja mbele wanalalamika tu. Kosa ni nini?*
— Msomaji, Bujumbura

Fundi wako hana kosa. Tazama tena ukutani: ukingo wa dimu haujanyooka wote. Upande wa kushoto unapanda. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto, na ule mpando humulika watembea kwa miguu na vibao kandoni. Kwetu Tanzania, na Kenya na Uganda, taa hizo ziko nyumbani. Burundi mnaendesha kulia, sawa na Rwanda na Kongo, kwa hiyo huo mpando wa kushoto unaingia moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja, na kando yako ya kulia wanapotembea watu inabaki gizani. Hasara mbili.

Dawa kamili ni taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Wewe una bahati: Vitz Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris. Ukiwa na ndugu Ubelgiji au Ufaransa, atafute za mtumba kutoka kwenye Yaris ya mwaka na umbo sawa na lako, mlinganishe picha za matundu ya kufungia kabla ya kulipa.

Wakati unasubiri, washa dimu mbele ya ukuta, sogeza kipande cha karatasi juu ya kioo cha taa taratibu mpaka uone ule mpando umezimika ukutani na sehemu nyingine imebaki. Weka alama, bandika mkanda mweusi wa gundi hapo hapo tu. Kagua mara kwa mara kama plastiki haijapata joto na kubadilika. Usikubali mtu akuambie uzishushe taa sana ili malalamiko yaishe. Utakuwa umewanyima wale watembea kwa miguu wa kulia hata mwanga mdogo waliokuwa nao.

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67. Usiku taa za magari zinanipasukia machoni kama nyota. Nimeona miwani ya njano ya madereva inauzwa. Inafaa?*
— Mwalimu, Tanga

Shikamoo Mama. Hapana, usiinunue. Miwani ya rangi hupunguza mwanga unaoingia jichoni, na usiku mwanga wenyewe ni haba. Watafiti wa macho wa Boston waliijaribu kwa kiigizo cha kuendesha usiku na kuchapisha matokeo 2019: haikuwasaidia watu kumwona mtembea kwa miguu.

Jioni ya leo safisha kioo cha mbele upande wa ndani, kwa kitambaa safi na maji yenye sabuni kidogo, kisha kikaushe kabisa. Utando wa mafuta na vumbi hukaa pale bila kuonekana mchana. Badilisha mipira ya waipa kama inaacha mistari. Kisha kaa kwenye gari lililosimama barabarani usiku, uangalie taa zinazokuja. Kama nyota zile zimepungua, tatizo lilikuwa kioo.

Kama ziko vile vile, Mama, nenda ukapimwe macho kabla ya kitu kingine chochote, na umweleze daktari maneno hayo hayo uliyoniandikia. Taa kutawanyika kama nyota ni moja ya dalili za mtoto wa jicho, na huo hutibika kwa upasuaji. Mpaka upate majibu, safari za usiku mwachie mwenye macho mazima hapo nyumbani.