Kabla ya Kugusa Thamani ya p: Ushauri kwa Anayeanza Takwimu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha jioni, hapa Kisumu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotatizwa na somo la takwimu, pamoja na wachache wa uzamili ambao wamekwisha kukusanya data na hawajui waifanye nini. Wengi huniomba niwaeleze thamani ya p, namba inayoonyesha jinsi data ingekuwa ya kushangaza lau dai linalopimwa lingekuwa kweli. Mimi huwarudisha nyuma hadi kwenye mtawanyo wa wastani wa sampuli, yaani jinsi wastani unavyobadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, kwa sababu anayeuelewa huo hupata yaliyobaki kwa urahisi, na asiyeuelewa hukariri kanuni hadi siku ya mtihani na kuzisahau kesho yake.

Mitawanyo inayohusika ni mitatu, na ni rahisi kuichanganya. Chukua samaki aina ya ngege wanaoshushwa katika ufuo wa Dunga. Mtawanyo wa kwanza ni wa uzito wa samaki wote, ambao hakuna atakayewahi kuupima. Wa pili ni wa uzito wa samaki 36 uliowaweka kwenye mizani na kuwaandika daftarini. Wa tatu hauonekani popote: ni wa wastani zote ambazo zingepatikana lau ungerudia kazi hiyo mara nyingi, kila mara kwa samaki 36 wengine. Kosa sanifu hupima kutawanyika kwa huu wa tatu. Ikiwa uzito wa samaki mmoja mmoja una mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa gramu 120, kosa sanifu la wastani wa samaki 36 ni 120 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani gramu 20. Ukitaka kulishusha hadi gramu 10, samaki 72 hawatoshi, utahitaji 144.

Fanya jambo hili kwa mikono kabla ya kuwasha kompyuta. Andika uzito wa samaki mia moja kwenye vikaratasi, vichanganye ndani ya sufuria, toa kumi, tafuta wastani, virudishe, kisha urudie mpaka uchoke, huku ukiweka kila wastani kama nukta juu ya mstari. Nukta zitarundikana karibu na wastani wa vikaratasi vyote, katika eneo jembamba kuliko lile la uzito wenyewe. Kompyuta itakufanyia hayo mara elfu kumi kwa kufumba na kufumbua, lakini nimeona kwamba kasi hiyo huwanyima wengi nafasi ya kushangaa.

Hesabu hizi zote huchukulia kwamba kila samaki amechaguliwa kwa kubahatisha, bila kumtegemea mwenzake. Samaki 36 wa mashua moja huenda walinaswa na wavu mmoja, na matundu ya wavu ndiyo yanayoamua ukubwa wa samaki anayenaswa na wa yule anayeponyoka. Sampuli ya namna hiyo ina habari chache kuliko idadi yake inavyodai, na hakuna kanuni itakayoirekebisha baada ya samaki kuuzwa.

Sasa tuseme samaki wako 36 wamekupa wastani wa gramu 410 na mchepuko sanifu wa 120. Masafa ya kuaminika ya asilimia 95, yaani mipaka tunayoikadiria kuuzingira wastani wa kweli, ni 410, kutoa na kujumlisha 2.03 mara 20, yaani kuanzia takriban gramu 369 hadi 451. Tumetumia 2.03 badala ya 1.96, ambayo hutumika mchepuko wa kweli unapojulikana, kwa kuwa mchepuko wenyewe umekadiriwa kutoka kwa sampuli hiyo hiyo. William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ndiye aliyelishughulikia tatizo hili mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student. Kwa samaki kumi tu namba hiyo ingepanda hadi 2.26.

Asilimia 95 ni sifa ya njia iliyotumika. Mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeieleza kwa kina mwaka 1937, alimaanisha kwamba ukirudia utafiti mara nyingi, takriban masafa 95 kati ya kila 100 yatauzingira wastani wa kweli. Masafa uliyonayo mkononi ama yameuzingira ama yameukosa.

Mchuuzi akidai kwamba wastani wa ngege hao ni gramu 450, hiyo ndiyo nadharia tete ya kupimwa. Tofauti ya gramu 40 ni makosa sanifu mawili, na thamani ya p ni karibu 0.053: lau dai lake lingekuwa kweli, sampuli zilizo mbali na 450 kiasi hicho au zaidi zingetokea takriban mara 5 katika 100. Huo si uwezekano wa mchuuzi kuwa mkweli, wala kushindwa kulikataa dai lake si kulithibitisha. Gramu 380 nazo zimo ndani ya masafa yale yale. Samaki 144 wenye wastani na mchepuko huo huo wangelikataa dai bila shida. Ndiyo maana siupendi mtindo wa kusherehekea 0.049 na kuitupa 0.051, eti kwa sababu mpaka uliozoeleka wa kulikataa dai ni 0.05.

Kuna utafiti uliofanyika papa hapa Kisumu ambao mimi huwapa wanafunzi wangu wausome. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa kubahatisha, wengine wakatahiriwa mara moja na wengine wakasubiri. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2007: maambukizi ya virusi vya UKIMWI yalikuwa 22 upande wa waliotahiriwa na 47 upande wa pili, thamani ya p ikiwa 0.0065. Namba hiyo inasema tu kwamba bahati peke yake ni maelezo dhaifu. Anayepanga huduma za afya atauliza kinga ni kubwa kiasi gani, na jibu limo katika masafa: makadirio ya asilimia 53, mipaka ikiwa 22 na 72.

Kwa hiyo, katika sura ya matokeo ya tasnifu yako, tanguliza makadirio pamoja na kipimo chake, iwe ni gramu au asilimia, kisha masafa, na thamani ya p iwe ya mwisho, ikiandikwa kamili badala ya "chini ya 0.05".